Sare ya damu ya mzee ilivyogeuka zambarau mchana kweupe

Kama wiki yako ilikwenda poa, shukuru Mungu. Kama ilikuwa kimeo, ndiyo hiyo imekwisha, tuanze nyingine. Mimi wenu bado nipo hapa hapa Mabatini, ambako jua likishafika saa sita mabati yanachoma kama kikaango, na anayesema hasikii joto huyo katoka Bukoba jana.

Wiki hii msinidai stori za mapenzi, sina. Nataka tuongee rangi. Najua wapo watakaoguna, "Rangi nayo ni kitu cha kuandikia gazetini?" Subiri kwanza mtu wangu. Ingia kwenye kamati yoyote ya harusi, sendofu au kicheni pati hapa mjini, halafu sema, "Sare iwe bluu." Utaona kasheshe yake. Watu wazima na heshima zao watabishana mpaka soda ziishiwe gesi. Maana bluu ipi?

Matatizo yanaanzia mdomoni. Kiswahili chetu kina rangi tatu tu zenye majina ya kuzaliwa nayo: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Hizo ndizo zinazobadilika kufuata kitu, shati jeupe, viatu vyeusi, gauni jekundu. Zilizobaki tumeazima kwenye vitu. Kijani ni jani. Njano ni manjano, yale ya kuungia mchuzi. Kahawia ni kahawa, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda na chungwa ni chungwa. Bluu tumeichukua kwa Mwingereza mzima mzima. Halafu mafundi na wauza vitambaa wakaongeza za kwao: ugoro, maziwa, maruni, bluu bahari, na ile kiboko yao, damu ya mzee.

Sasa jani lipi? La mgomba au la mwarobaini? Kahawa ya maziwa au kavu? Bluu bahari wanaitaja watu ambao bahari hawajaiona hata siku moja, wamezoea Ziwa Victoria tu. Na ziwa lenyewe asubuhi pale Kamanga lina rangi yake, jioni lina nyingine, na mvua ikipiga Mto Mirongo ukishusha matope, ukingoni unaona chai ya maziwa. Damu ya mzee ndiyo usiseme. Mzee yupi huyo? Mwenye presha au asiye na presha?

KIKAO CHA UANI

Sasa sikiliza iliyotokea hapa mtaani. Kuna dada mmoja fundi cherehani, jirani yangu, anashonea barazani. Jina lake naliweka kapuni, si vizuri kumuanika. Alipata tenda nono ya kushona sare kumi na mbili za sendofu. Kamati ikachagua rangi: damu ya mzee. Waliichaguaje? Mama mwenyekiti aliona gauni kwenye simu ya mwanawe, akalizimia, picha ikarushwa kwenye grupu la WhatsApp. Kila mmoja akaitazama kwenye simu yake, kila mmoja akajibu "bomba". Akina mama kumi na wawili wakawa wamekubaliana rangi kumi na mbili bila kujijua.

Kamati ikampa fundi advansi na kumwambia anunue kitambaa mwenyewe, kwa kuwa anajuana na wauzaji. Advansi haikutosha, akaongezea hela aliyokopa kikoba. Akaingia mjini jioni, upande wa Makoroboi, kwenye duka lenye taa za tyubu. Akaweka simu juu ya satini, akaona zinaendana. Jora likaishia njiani, muuzaji akashusha jingine. "Hii ni ile ile, dada." Na pale kwenye taa kweli ilikuwa ile ile.

Siku ya shughuli, saa nane mchana, akina mama wakatoka nje kupiga picha. Lahaula! Saba wamevaa damu ya mzee, watano wamevaa zambarau. Kadi za mwaliko, ambazo kijana wa stesheneri alizitoa kwa kufuata picha ile ile, zilikuwa rangi ya tofali. Mapambo ya ukumbini nayo yakaja na rangi yao ya nne. Mpiga picha aliwapanga mara tatu, hakuna mpango uliosaidia.

Kesho yake kikao kikaitwa uani. Mama mwenyekiti hakuficha. "Pesa iliyobaki hatulipi. Fundi katuaibisha mbele ya wakwe."

Fundi naye, sauti imemkauka, akasema, "Mama, mimi nimefuata picha mliyonipa. Nawaomba mnifikirie, humo kuna hela ya watu ya kikoba."

"Picha gani?" akadakia mwingine. "Kwangu mimi haikuwa hivyo!"

Ikabidi kila mtu atoe simu yake. Simu zikalazwa juu ya mkeka, picha ni moja, lakini rangi hazifanani. Moja nyekundu, nyingine kahawia, nyingine inaelekea kwenye zambarau. Moja ilikuwa na kioo kilichopasuka, hiyo tuiache.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilichokiona siku ile ndicho kilichonifanya nizunguke wiki nzima kwa mafundi, kwa vijana wa stesheneri na kwa wachapa fulana, na usiku nifukue vitabu, nijue kitu kimoja tu: nani aliiba rangi ya wale akina mama?

SIMU INAWAKA, KITAMBAA HAKIWAKI

Mshukiwa wa kwanza ni simu. Fanya jaribio hili. Fungua picha nyeupe kwenye simu yako, halafu dondoshea tone dogo la maji juu ya kioo. Nimesema dogo, usije ukanidai simu. Tazama ndani ya lile tone. Utaona vidoti vya rangi tatu: nyekundu, kijani na bluu. Basi, hakuna kingine. Ule weupe wote ni hao watatu wakiwaka kwa pamoja, na wakizima wote ndiyo unapata nyeusi. Kila mmoja ana ngazi 256 za kuwaka, kuanzia 0 mpaka 255. Ukizidisha unapata rangi zaidi ya milioni 16, zote kutoka kwa taa tatu.

Jambo hili halikuanza na simu. Mwaka 1861 mwanasayansi wa Scotland, James Clerk Maxwell, aliwaonyesha watu mjini London picha ya rangi iliyotengenezwa hivyo hivyo. Na unajua alichagua kupigia picha kitu gani? Kitambaa! Utepe wa nguo ya mirabaraba ya kwao. Ulipigwa picha mara tatu, kupitia chujio chekundu, cha kijani na cha bluu, halafu picha zote tatu zikamulikwa kwa pamoja, moja juu ya nyingine. Hata siku hiyo nyekundu na kijani hazikutoka vizuri kama bluu. Kwa hiyo ugomvi wa kitambaa na picha yake una zaidi ya miaka 160, wale akina mama wa uani wameukuta tu.

Sasa simu hazifanani. Kuna za vioo vikali na vya kufifia. Kuna mtu amepunguza mwanga ili chaji isiishe. Kuna mwingine amewasha ile ya usiku ya kupumzisha macho, inayofanya kioo kizima kiwe cha manjano, na ameisahau tangu Krismasi. Mwaka 1996 kampuni za HP na Microsoft zilipendekeza kipimo kimoja cha rangi kwa vioo vya kompyuta, kinaitwa sRGB, na picha nyingi za kwenye mtandao zinakifuata mpaka leo. Ndiyo maana simu nzuri mbili zinakaribiana. Lakini kipimo ni kitu kimoja, na simu iliyoanguka mara tisa ni kitu kingine.

Na kabla picha haijafika kwenye kioo, kamera nayo imeshakisia. Kamera haijui kama upo chini ya balbu ya njano au chini ya mwembe. Inabahatisha, inaongeza ubluu hapa, inapunguza unjano pale. Halafu mwenye picha naye anaweka fiketi zake za kujipendezesha, uso unang'aa, na gauni nalo linabadilika rangi pamoja na uso.

KARATASI HAINA UMEME

Mshukiwa wa pili ni mashine ya kuchapa. Nilimkuta kijana mmoja wa stesheneri, mchapakazi kweli, akaniambia maneno ambayo nimeyaandika mkononi nisiyasahau. "Kaka, mteja ananiletea kijani kinachowaka kama taa za baa, anataka kikae kwenye kadi vile vile. Karatasi haina umeme, kaka."

Umemsikia? Simu inatoa mwanga wake yenyewe. Karatasi haitoi mwanga, inasubiri mwanga wa jua au wa taa uiangukie, wino unakula sehemu yake, na kinachobaki ndicho kinarudi machoni kwako. Ukiongeza taa unaelekea kwenye nyeupe. Ukiongeza wino unaelekea kwenye giza. Ni njia mbili zinazopishana.

Printa nyingi na mitambo ya magazeti hutumia wino wa rangi nne: samawati, majenta ambayo ni ule wekundu ulioingia pinki, njano na nyeusi. Siku nyingine ukishika gazeti la rangi, chungulia pembezoni mwa ukurasa. Mara nyingi utaona vidoti vinne vimejipanga kama askari wa gwaride. Hivyo ni vya kumsaidia mchapaji aone kama wino wote unakaa mahali pake. Vikiwa vimekosea njia, ndipo unaona msanii kwenye picha ana midomo miwili.

Wino hizo nne zinafanya kazi kubwa, lakini zipo rangi za kwenye kioo ambazo haziziwezi. Ile bluu kali ya kompyuta ikichapwa mara nyingi inaangukia kwenye zambarau. Kijani cha kuwaka kinalala. Na karatasi nayo ina neno lake. Wino ule ule kwenye karatasi inayong'aa unasimama, kwenye karatasi isiyong'aa unazama ndani na kupoa. Karatasi ya gazeti yenyewe si nyeupe sawasawa, ina ukijivu, kwa hiyo kila rangi juu yake inakuwa kama imefuliwa mara tatu.

JORA NA JORA NI NDUGU, SI PACHA

Mshukiwa wa tatu ni kitambaa chenyewe. Kiwandani kitambaa hutiwa rangi kwa mafungu. Fungu la leo na la mwezi ujao hupishana kidogo, hata kama fomula ni ile ile. Kwa hiyo majora mawili ya jina moja ni ndugu, si pacha. Angalia khanga. Doti moja hutoka kiwandani ikiwa bado imeshikana, vipande viwili vimechapwa pamoja, ndiyo maana havigombani. Lakini nunua doti ya pili ya muundo ule ule miezi sita baadaye, uziweke pamoja juani, uone.

Na rangi moja haikai sawa kwenye vitambaa viwili. Satini inang'aa, ukigeuka kidogo inabadilika. Shifoni ni nyepesi, inapitisha rangi ya ngozi au ya bitana iliyo chini. Lesi ina matundu. Bwana harusi akivaa tai ya satini na wasimamizi wakavaa shifoni, hata zikitoka kwenye pipa moja la rangi zitaonekana tofauti. Huo si wizi wa fundi, ni tabia ya kitambaa.

Mshukiwa wa mwisho ndiye mjanja kuliko wote: taa ya dukani. Vitambaa viwili vilivyotiwa rangi kwa mchanganyiko tofauti vinaweza kufanana kabisa chini ya taa fulani, halafu vikitoka juani kila kimoja kikashika njia yake. Hiki ndicho kilichompata jirani yangu. Pale kwenye tyubu majora mawili yalikuwa kitu kimoja. Saa nane mchana jua likasema ukweli.

Usidhani ni sisi wa Mwanza tu. Februari 2015 dunia nzima iligombana kwa sababu ya gauni. Mama mmoja alimtumia bintiye, bibi harusi mtarajiwa, picha ya gauni alilotaka kuvaa siku ya harusi. Wengine wakaona nyeupe na dhahabu, wengine wakaona bluu na nyeusi. Picha ikasambaa mtandaoni, mamilioni wakabishana, mke na mume nyumba moja hawaelewani. Gauni lenyewe lilikuwa bluu lenye lesi nyeusi. Wataalamu wakaeleza kwamba ubongo hukisia kwanza aina ya mwanga ulioangukia kitu, ndipo unaamua rangi. Ukikisia kivuli unaona hivi, ukikisia taa ya njano unaona vile. Mnaona sasa? Mama mwenyekiti wetu hakuwa mwongo. Na yule aliyesema "kwangu haikuwa hivyo" naye hakuwa mwongo.

WENZETU WANATUMIA NAMBA

Wachapaji wa dunia waliumwa kichwa na jambo hili muda mrefu. Mwaka 1963 kampuni ya Pantone ya Marekani ikatoa kitabu cha vipande vya rangi, kinafunguka kama feni ya mkono. Kila rangi ina namba yake na maelezo ya kuchanganya wino wake. Mtu wa Nairobi akitaja namba, mtu wa Guangzhou anafungua kitabu chake na kuona kipande kile kile. Hakuna tena habari ya mzee wala damu yake. Wana hata herufi, C kwa karatasi inayong'aa na U kwa isiyong'aa, kwa sababu walishajua kuwa karatasi ina neno lake.

Kitabu hicho ni ghali, stesheneri zetu nyingi hazina. Lakini siri yake si bei. Siri yake ni kwamba watu wawili wanashika kitu kimoja kinachoshikika, siyo jina na wala siyo picha. Na hilo hata barazani Mabatini linawezekana kwa mkasi na pini.

Tena nimelishuhudia. Turudi kidogo kwenye kile kikao. Alikuwepo bibi mmoja wa makamo ya kuheshimika, kila mtu anampa shikamoo. Alikaa kimya mpaka watu wakachoka kufoka, ndipo akauliza, "Wanangu, kipande cha mfano kiko wapi?" Kimya. Hakuna aliyekuwa nacho, si kamati, si fundi. Bibi akasema kama kipande hakipo basi hasara haina mwenyewe, na hasara isiyo na mwenyewe hugawanywa. Kamati ikalipa nusu ya deni, nusu ikabaki kwa fundi.

Wengi wakapiga makofi. Mimi niliondoka nikiwa na kitu kimenikaba. Nusu ya akina mama kumi na wawili ni pesa ya vocha kwa kila mmoja. Nusu ya fundi mmoja ni marejesho ya kikoba ya miezi mitatu, na nyumbani kwake kuna mtoto anasubiri daftari za shule. Hapo ndipo nilipojua kwa nini naandika habari hii. Rangi ikipotea, inapotea tangu kwenye simu ya aliyechagua, ikapotea tena kwenye kamera, kwenye taa ya duka, kwenye jora la pili. Lakini anayelipa ni yule wa mwisho kushika mkasi. Mshonaji, mchapaji, mpambaji. Sisi vijana ndio tunaokaa mwisho wa hiyo foleni, kwa sababu ndizo kazi tunazojiajiri nazo.

Leo dada yule ana daftari la kaunta. Kila tenda ina ukurasa wake. Anakata kipande cha kitambaa, anakibana kwa pini, mteja anakitazama juani, anasaini pembeni na kuandika tarehe. Nusu nyingine ya kipande mteja anaondoka nayo. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe na rangi imo.

MAMBO YA KUFANYA

Sasa wewe unayejiandaa na shughuli, au unayeishi kwa kazi za watu, kata kipande hiki cha gazeti uweke pochini.

Kwanza, anza na kitambaa, siyo na picha. Kitambaa ndicho kigumu kupatikana kwa rangi unayotaka. Kadi, bango na keki vinaweza kukifuata, chenyewe hakiwezi kukifuata kioo cha simu. Kamati nyingi zinafanya kinyume, kadi inatoka mwezi mmoja kabla, halafu watu wanahangaika mji mzima kutafuta kitambaa cha kufanana na kadi.

Pili, toka nacho nje ya duka. Mwombe muuzaji kwa heshima, simama mlangoni mchana, siyo jioni. Kama shughuli ni usiku ukumbini, kitazame pia chini ya taa. Kama ni mchana na usiku, kitazame kote kuwili.

Tatu, hesabu mita zote kabla ya kununua, na zikatwe kwenye jora moja. Ongeza kidogo kwa ajili ya yule shangazi atakayejitokeza dakika za mwisho, maana lazima ajitokeze.

Nne, kata vipande vidogo, mpe fundi, mpe stesheneri, mpe mpambaji, mpe wa keki. Kwa aliye mbali, Geita au Dar, mpelekee kwa basi ndani ya bahasha. Ukilazimika kutuma picha, piga kivulini mchana, weka karatasi nyeupe pembeni ya kitambaa, na umwambie kwamba hiyo ni ya kukisia tu.

Tano, kwa mwenye kazi ya kuchapa: mpe mteja nakala moja ya majaribio, kwenye karatasi ile ile na mashine ile ile, kabla ya kutoa mia tatu. Asaini nyuma yake. Anayetengeneza kwenye kompyuta aandike namba za rangi, asiandike "nyekundu nzuri". Mteja akisema kwenye simu yake haikuwa hivyo, unatoa nakala yenye saini, mnaelewana kistaarabu.

Sita, wachapa fulana. Fulana nyeusi inameza wino. Bila kuweka tabaka jeupe kwanza, njano yako itatoka ugoro. Mwambie mteja mapema kwamba hilo ni tabaka la ziada na lina gharama yake.

Saba, usishone wala usichape kabla hamjaandika nani anabeba hasara kama rangi haikukaa. Swali hilo likiulizwa kabla ya advansi ni biashara. Likiulizwa baada ya shughuli ni ugomvi.

Na haya hayaishii kwenye harusi. Sisi wa Mabatini tunajua. Mwenye nyumba akibadilisha mabati mawili ya rangi yaliyopeperushwa na upepo wa ziwa, akanunua mapya ya jina lile lile, paa linakuwa na viraka, kwa sababu yale ya zamani yameshapigwa na jua miaka kadhaa. Rangi ya ukutani hubadilika ikikauka, kwa hiyo paka kipande, lala, amka, ndipo uamue. Mashabiki wa Simba na Yanga nao wanajua, jezi ya magumashi unaikamata kwa wekundu wake au kijani chake hata kabla hujasoma nembo. Hata bendera yetu ya taifa, iliyopatikana mwaka 1964, ukipita kwa wauzaji wa barabarani utaona bluu za kila namna, wakati bluu ile ni ya maji yetu, ziwa hili likiwemo.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya kujichosha, rangi ni rangi tu, watu watakula pilau na kuondoka. Sawa. Kama sare hazifanani na wote mmecheka, hakuna kesi, picha zitakuwa na hadithi yake. Ninachokataa ni kucheka kwenye picha halafu kumnyima fundi pesa yake. Kama hukumpa kipande, hukumpa rangi. Ulimpa maneno na mwanga.

Haya, nafasi imekwisha na mhariri ananikodolea macho. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaongelea wale wanaokuja kwenye kikao cha harusi kuahidi ng'ombe, halafu siku ya kuleta wanaingia mitini. Mpaka hapo, shika mkasi, kata kipande, toka juani. Wasalaam.